Tumekwenda Kushukuru

Karatasi ile Wakili Mdogo aliiandika mara tatu. Ya kwanza ilisema "Ofisi imefungwa," akaiona kavu mno, maana wateja wa msaada wa sheria hutoka mbali, wengine kwa miguu, na mtu aliyetembea saa mbili hapokewi hivyo. Ya pili alikosea tarehe. Ya tatu ndiyo aliyoibandika mlangoni: "Ndugu wateja wetu, asubuhi hii hatupo. Tumekwenda chuoni kushukuru. Tutarudi jioni. Tunaomba radhi." Kisha, kwa kuwa roho yake ilikuwa nyeupe siku hiyo, akachora ua dogo kwenye kona.

Jina la Wakili Mdogo alipewa na wateja. Kwa haki hakuwa wakili bado. Shahada ya sheria alikuwa nayo, lakini leseni ya kusimama mbele ya hakimu hakuwa nayo, na mwenye nayo katika ofisi ile alikuwa mmoja tu: Wakili Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, ambaye alianza kuwatetea watu wasio na wakili kabla msaidizi wake hajaota meno. Vyumba viwili juu ya duka la vipuri, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani, benchi moja kwenye korido, na simu ya mezani inayolia kama mtu aliyekabwa koo. Hiyo ndiyo ofisi nzima.

Na huyo msaidizi asingekuwa pale kama si kitivo cha sheria alichosomea. Wahitimu wa zamani wa kitivo hicho, pamoja na walimu wao, walikuwa na mfuko wao. Kila mwaka huchagua vijana wachache wanaotaka kuwafanyia kazi wanyonge badala ya kukimbilia makampuni, wakawatunza mwaka mzima. Siku barua ya kukubaliwa ilipofika nyumbani kwao, baba yake, fundi bomba, aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Halafu akaikunja vizuri akamrudishia.

"Mwanangu," akasema, "shukrani ya punda ni mateke. Wewe usiwe punda."

Maneno hayo yalimkaa. Kila alipomwona mteja akitoka ofisini na mabega yaliyonyooka kidogo kuliko alivyoingia, aliwakumbuka wale walimu wake, na alitamani waone. Hakuwa mnafiki katika hilo. Alishukuru kwa moyo wake wote, na ndiyo sababu kisa hiki kinauma kukisimulia.

Wiki mbili kabla ya siku ile, mratibu wa mfuko alikuwa amempigia simu. Kitivo kinaandaa hafla ya shukrani, wachangiaji wote watakuwepo, na wakitoka hapo ndipo watakapoamua kama ofisi yao itapewa kijana mwingine mwakani.

"Tumechoka na takwimu," mratibu alisema. "Tunataka mtu. Mtu mmoja mliyemsaidia, asimame aseme kwa mdomo wake. Na mje ofisi nzima, jamani, msituletee mwakilishi."

"Ninaye," Wakili Mdogo akajibu papo hapo. "Nitamleta Kinyozi."

Wakili Mkuu alipoambiwa, alivua miwani.

"Kesi ya Kinyozi haijaisha."

"Lakini zuio tumelipata, mama."

"Zuio la muda. Mbeleko hainunuliwi mtoto hajazaliwa."

"Watu wametubeba mwaka mzima. Wakituita tuseme asante, tuwaambie tuna shughuli?"

Wakili Mkuu alikuwa anajua, kuliko huyu binti, ofisi ile ilivyokuwa kabla mfuko haujaanza kuleta vijana: mafaili mpaka chini ya meza, na yeye peke yake. Akavaa miwani akafungua shajara.

"Umeona lakini? Hafla na kesi ni siku moja."

"Hafla saa tatu asubuhi, kesi saa nane mchana. Tunatoka chuoni saa sita, tunafika mahakamani na muda wa kunywa maji unabaki."

Hesabu ilikuwa sawa. Ukiipiga hata leo utaipata vilevile.

Sasa huyu Kinyozi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono isiyotetemeka, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepanga nyumba moja ya mabati pembeni ya barabara: chumba cha mbele ndiyo saluni, cha nyuma ndiyo nyumbani kwake na mkewe. Mwenye nyumba wa zamani alipofariki, watoto wake waliuza kiwanja, na mnunuzi akataka kubomoa ajenge ghorofa. Akampa Kinyozi siku saba za kuhama. Wakili Mdogo aliandika madai, Wakili Mkuu akayatia saini na kwenda kuyasimamia, na mahakama ikatoa zuio la muda: jengo lisiguswe na mtu yeyote mpaka kesi isikilizwe. Zuio la namna hiyo lina nguvu maadamu kesi iko hai. Kesi ikifutwa, nalo limekwisha saa hiyo hiyo, wala hakuna anayelazimika kuja kukugongea mlango akuambie.

Nusu hiyo ya pili Kinyozi hakuishika. Alieleweshwa, tena mara mbili, lakini alieleweshwa kisheria, na ukielezwa jambo kisheria unatoka umelipoteza hata lile dogo ulilokuwa unalijua. Yeye alichukua nakala ya zuio, akaitia fremu, akaitundika palipokuwa na picha za mitindo ya nywele. Mteja akikaa anaiona kwenye kioo, herufi zote kinyumenyume.

"Hicho nini, mzee?"

"Hilo zuio langu," Kinyozi hujibu, kwa sauti ya mtu anayemtaja mwanawe aliyepata kazi serikalini. "Linakaa hapo. Linatulinda."

Mkewe alikuwa amepooza miguu miaka minne nyuma. Ilikufa ganzi tu, mmoja halafu wa pili, na madaktari wakachoka kuipima. Kila siku wateja wakipungua, Kinyozi humbeba kutoka chumba cha nyuma na kumkalisha kwenye kile kiti cha chuma cha kunyolea. Hukanyaga pedali, kiti kikapanda, na bibi akawa anatazama barabara kupitia mlangoni, akiwasema wapita njia. Watu wa mtaa walimzoea hapo juu. Waliokuwa na haraka walipita upande wa pili, maana bibi hakubali salamu fupi.

Asubuhi ya hafla, gari la chuo lilipofika, bibi alikuwa tayari yuko kitini.

"Shikamoo, Bibi," akasema Wakili Mdogo.

"Marahaba, binti yangu. Hebu mwangalie huyu. Kinyozi hajinyoi, dunia nzima inajua, lakini yeye mbishi."

Kweli, nyuma ya sikio la mzee palikuwa na kipande cha pamba chenye tone la damu. Alikuwa amevaa koti lililompwaya mabegani, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Wiki nzima alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake kwenye vichwa vya wateja. Mmoja alilalamika kwamba amenyolewa upande mmoja akashukuriwa upande wa pili.

"Na mahakamani?" bibi akauliza.

"Saa nane. Tutatoka huko moja kwa moja."

"Mtawahi?"

"Tutawahi, Bibi. Usiwe na wasiwasi."

Bibi akampa mumewe leso safi, akamkung'uta koti kila mahali mkono wake ulipofika. Fundi viatu wa jirani aliahidi kumwangalia. Wakaondoka.

Ukumbi wa kitivo ulikuwa na ubaridi wa mashine, meza zimevikwa vitambaa vyeupe, na watu waliovaa vizuri wakisalimiana kwa vyeo. Wakili Mdogo aliwaona walimu wake wote. Yule wa sheria ya mikataba, aliyekuwa akimpa alama kwa uchungu kama anatoa jino, alimshika mkono akasema, "Tunasikia habari zako." Machozi yalimkaribia hapo hapo. Mratibu aliomba simu zinyamazishwe. Wakaketishwa mstari wa mbele: Wakili Mkuu na viatu vyake vya raba, Wakili Mdogo, na Kinyozi katikati.

Ilipokaribia saa nne na nusu akaitwa. Alipanda jukwaani taratibu, akaishika ile meza ya kuhutubia pande zote mbili kama anavyoshika kichwa cha mteja mtundu.

"Mimi ni kinyozi," akasema. "Vichwa vya watu nimevishika miaka arobaini. Vya nje, lakini. Vya ndani mnavishughulikia nyinyi."

Ukumbi ukacheka. Akangoja wamalize; miaka arobaini ya kuongea na watu ilikuwa imemfundisha kungoja.

"Huyu binti alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja siku mbili. Akasoma karatasi zangu zote, mpaka risiti za sabuni. Nikamuuliza, mwanangu, anakulipa nani kwa kazi hii? Akasema, walimu wangu. Nikasema, basi hao walimu nataka niwaone kabla sijafa."

Hapo ndipo simu ilipotetemeka ndani ya mkoba wa Wakili Mdogo. Aliichungulia. Namba ya mezani asiyoijua. Mzee akizungumza hupokei simu. Hilo halifundishwi chuoni, unatoka nalo nyumbani kwenu. Akairudisha.

"Leo nimewaona," Kinyozi akaendelea. "Mke wangu hana miguu. Jana kalala kwake. Leo atalala kwake. Kwa sababu nyinyi mlimtuma mtoto wenu kwangu, na mimi simjui hata mmoja wenu. Asanteni. Sina kingine. Anayetaka kunyolewa aje, sitamtoza."

Simu ikatetemeka tena. Ikanyamaza. Ikatetemeka mara ya tatu wakati ukumbi mzima umeshasimama, watu wanapiga makofi, mratibu anafuta macho, na mwalimu wa mikataba, yule mchoyo wa alama, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Wakili Mdogo alisimama pamoja nao. Alikuwa na furaha kiasi kwamba kifua kilimuuma. Aliona kwamba deni la moyo wake, angalau kwa robo, limelipwa.

Wakampiga picha Kinyozi, wakampa zawadi: mwavuli mkubwa wenye nembo ya kitivo, wa aina ile inayofunika watu watatu.

Saa sita na robo walikuwa ndani ya gari. Kinyozi, nyuma, ameukumbatia mwavuli wake, anarudia ule mzaha wa vichwa vya ndani na vya nje na kucheka upya kila mara. Wakili Mdogo akaitoa simu, akaipiga ile namba. Ililia mpaka ikakatika.

"Nani?" akauliza Wakili Mkuu.

"Sijui, mama. Namba ya mezani. Walipiga mara tatu."

Wakili Mkuu akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akamrudishia bila haraka.

"Hii ni masjala ya mahakama," akasema.

Toka hapo aliyekuwa anaongea ni Kinyozi peke yake.

Karani wa masjala walimkuta amekaa na chakula chake hajakigusa. Alipowaona alisimama.

"Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Kesi si saa nane?" Wakili Mdogo akauliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Hakimu kaitwa safari ghafla. Kesi zote za mchana kazivuta asubuhi. Nimepiga ofisini kwenu, simu inalia tu. Nimepiga kwako wewe, binti, mara tatu."

"Ungemwomba atusubiri," Wakili Mkuu akasema.

"Niliomba, mama! Na mwenyewe alitaka kusubiri. Alisema ofisi hii haijawahi kukosa, labda wamepata ajali. Ndiyo wakili wa mwenye kiwanja akamtuma kijana wake akawatazame. Si mko hapo ng'ambo tu? Akarudi na hii."

Akafungua jalada. Karatasi ya mlangoni ilikuwa humo, imebanwa kwa pini, vipande vya gundi bado viko kwenye pembe zake. Muhuri wa mahakama ulikuwa umegongwa juu ya ua.

"Hakimu akaisoma kwa sauti," karani akasema, na alikuwa akiwaonea huruma, ilionekana. "Tumekwenda kushukuru. Watu wakaangua kicheko. Akasema, wenye muda wa kwenda kushukuru, mahakama haina muda wa kuwangoja. Akafuta shauri kwa kutohudhuria. Saa nne na dakika hamsini."

Wakili Mdogo aliitazama karatasi. Mwandiko ule aliujua, na mistari aliinyoosha kwa rula. Angeacha ile ya kwanza, ile kavu, "Ofisi imefungwa," pengine hakimu angewadhania wagonjwa, au wamefiwa, au wamekwama njiani, akawapa nusu saa.

"Tunaomba shauri lirejeshwe," Wakili Mkuu akasema. "Naandika sasa hivi, kwa mkono."

"Andika mama, nitalipokea, nitaligonga muhuri. Wa kulisikiliza anarudi Jumatatu."

"Hakimu wa pili?"

"Likizo ya uzazi."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo, akimwangalia huyu, akimwangalia yule, kama anayefuata mazungumzo ya wageni. Sasa akasogea.

"Lakini zuio lipo, mwanangu," akamwambia Wakili Mdogo kwa upole, kama yeye ndiye wa kutulizwa. "Liko ukutani. Nimelitundika mwenyewe."

Safari hii Wakili Mdogo hakulieleza kisheria.

"Mzee, limekufa."

"Limekufa na nini?"

"Hatukuwepo. Waliita, hatukuwepo."

Kinyozi akafikiri. "Tulikuwa tunashukuru," akasema. Hakulaumu. Alikuwa anajaribu kupanga mambo yalivyofuatana.

Wakili Mkuu alikuwa ameshakaa kwenye benchi la masjala, karatasi magotini, anaandika. Alisema bila kuinua kichwa: "Mchukue mzee, nendeni nyumbani kwake. Wabomoaji wakiwa wamefika, ongea nao. Waombe mpaka Jumatatu. Omba tu, binti, sheria leo hatuna."

Walikuwa wamefika. Wenye pesa zao hawangoji Jumatatu. Kabla hata gari halijaingia mtaani waliyasikia mabati. Bati likitupwa chini kutoka juu lina sauti yake, huwezi kuifananisha na kitu kingine. Vijana wanne walikuwa juu ya paa wanang'oa misumari, na nusu ya saluni ilishakuwa wazi. Fundi viatu na majirani walikuwa wanatoa vyombo na kuvipanga kando ya barabara: kitanda, sufuria, ndoo, benchi la wateja. Na katikati ya vyombo hivyo, juani, kiti cha chuma cha kunyolea, bibi yuko juu yake. Walimtoa pamoja na kiti. Hakulia. Mikono ilikuwa mapajani na alikuwa akiangalia paa lake.

Msimamizi wa kazi alikuwa mtu mstaarabu, na hilo lilizidisha ugumu. Angekuwa mshenzi angalau pangekuwa na wa kugombana naye. Alimwamkia Kinyozi, akamwonyesha karatasi: nakala ya amri, muhuri ule ule, wino bado mbichi.

Kinyozi hakuisoma. Aliingia ndani, juu ya kichwa chake vijana wakiacha kugonga ili apite, akatoka na fremu yake. Akamkabidhi msimamizi kwa mikono miwili. Msimamizi akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa adabu, mpaka kwenye saini.

"Mzee wangu," akasema, "hili lilikuwa zuri. Lakini lilifutwa asubuhi."

"Nisikilize," Wakili Mdogo akaingia kati. "Tumeomba kesi irejeshwe. Ombi liko mahakamani sasa hivi. Mkibomoa leo na Jumatatu likarejeshwa, mtakuwa mmebomoa kitu ambacho..."

"Mna amri, dada?"

"Bado. Jumatatu."

"Ukiniletea amri nawashusha hawa sasa hivi. Hata ukiniletea saa moja jioni. Lakini bila amri, mimi nikisimama, kesho naletewa mwingine na mimi sina kazi."

Aliomba tena. Aliomba mpaka Ijumaa tu, aliomba chumba cha nyuma tu, aliomba wangoje bibi apelekwe mahali, na kila ombi msimamizi alilisikiliza lote kabla ya kutikisa kichwa. Wakili Mdogo alikuwa anazijua sheria za upangaji kifungu kwa kifungu. Katika mtihani wake alipata alama za juu. Vifungu vyote vilimjia kichwani kwa mpangilio, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumshusha kijana mmoja kutoka juu ya paa.

Akampigia mratibu.

"Mwanangu!" mratibu akapokea kwa kicheko. "Mzee wako katumaliza! Nimekutumia picha, umeiona? Na habari njema, sikiliza, wamekubali. Mwakani mtapewa vijana wawili."

Akamweleza. Upande wa pili kulikuwa na sauti za vijiko na sahani, halafu mlango ukafungwa na sauti zikakatika.

"Nina maprofesa wanne wa sheria hapa mezani," mratibu akasema polepole. "Niwaambie wafanye nini?"

Wakili Mdogo alilitafuta jibu kwa dhati. Kama lingekuwepo, pale ndipo mahali pake.

"Sijui," akasema.

Kule juu bati jingine likang'oka. Akakata simu, na picha ikatokea kwenye kioo chake: Kinyozi jukwaani, mdomo wazi, katikati ya mzaha, na nyuma ya sikio kile kipande cha pamba. Akakumbuka maneno ya baba yake. Punda kwa kawaida humpiga teke anayemlisha. Yeye wenye kumlisha aliwapelekea shukrani mpaka mezani, na teke likamwangukia mzee ambaye hakumkosea kitu.

Akamwendea Kinyozi. "Mzee, nisamehe. Ni mimi niliyekupeleka. Ni mimi niliyeandika ile karatasi, na simu ni mimi niliyeiacha."

Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa anayangoja matusi kama mtu anavyongoja maji. Kinyozi alimtazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala hayakuwa na kitu kingine.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."

Ni mdomo tu uliosema. Wiki nzima alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo, na huenda hakuwa na mengine karibu. Kisha akauona mwavuli wa kitivo bado uko kwapani mwake. Akaufungua. Ulifunguka kwa kishindo, mpana, mpya, nembo ikang'aa, akamwinamishia mkewe.

"Ulisemaje huko?" bibi akamuuliza.

"Nilishukuru."

"Binti ulimtaja?"

"Nilimtaja."

"Vizuri," bibi akasema, na uso wake haukugeuka kutoka kwenye paa.

Ndani ya saluni mtu akaita: kioo, kioo kile kikubwa, kitavunjika, nani anajua kilivyofungwa? Anayejua alikuwa Kinyozi peke yake. Aliangalia mlangoni, akaangalia mwavuli, akaangalia huku na huku. Wakili Mdogo akanyoosha mkono, mzee akampa mwavuli, akaingia ndani kukinusuru kioo chake.

Basi Wakili Mdogo akasimama pale kando ya barabara, nyuma ya kiti cha chuma, ameshika mpini kwa mikono miwili. Wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo, wanaisoma nembo ya chuo, wanamwangalia yeye. Simu ililia mfukoni, labda Wakili Mkuu, labda mratibu na maprofesa wake. Safari hii mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Asante, binti yangu," akasema bibi. "Sogeza kidogo kushoto. Jua linaniingia machoni."

Wakili Mdogo akausogeza kushoto.